Mhariri, mpira wa kriketi hauendi "juu" tu

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wa barua, na mnivumilie manake sitakuwa mfupi, hii kitu imenikaa rohoni tangu Jumapili.

Mimi humsomea mjomba wangu gazeti. Tunakaa Manyatta hapa Kisumu, macho yake yalishikwa na mtoto wa jicho, moja likapasuliwa lakini kusoma bado hawezi, kwa hivyo jioni nikitoka kazini nakaa naye hapo nje kwa mlango namsomea, tunaanza na siasa kidogo alafu michezo yote mpaka matokeo ya ligi za nje ambazo hata mimi sizijui. Mzee huyu alitunza uwanja wa kriketi wa klabu moja hapa mjini zaidi ya miaka ishirini, alikata nyasi, alivuta rola, alimwagilia pichi, ule ukanda wa katikati wa kupigia, maji usiku wenzake wakilala, na akiambiwa mtu amepungua kwa timu alikuwa anaingia uwanjani kusaidia kudaka. Kiingereza chake ni kile cha uwanjani tu. Gazeti lenu la Kiswahili ndio uwanja wake siku hizi.

Sasa Jumapili nikamsomea ripoti moja ya mechi ya T20, ile kriketi fupi ya ova ishirini kila timu, ova moja ni mipira sita. Kwa hiyo ripoti moja tu mmeandika "alipiga mpira juu" mara saba, nilirudi nikahesabu na kalamu. Alipiga mpira juu akapata mikimbio sita, yaani alama sita. Alipiga mpira juu akashikwa. Mpira uliopigwa juu ulimponyoka mchezaji. Kufika ya nne mzee akainua mkono nisimame.

"Mama, ulipigwa juu vipi?"

Nikamwambia imeandikwa hivyo tu.

"Moshi unaenda juu. Bei ya unga inaenda juu. Huu mpira ulienda vipi?"

Sikuwa na jibu, na kijana wangu wa miaka kumi aliyekuwa anafanya homuwaki hapo kando naye akauliza huyo aliyeshikwa alishikwa na nani, manake kwake yeye kushikwa ni kushikwa na polisi. Hapo ndio nikaona hii si shida ya mzee peke yake. Mmeandika mechi nzima na mtu asiyeiona kwa macho hawezi kuiona kwa masikio.

Nawaandikia manake naamini hamjui vile hilo neno moja linaficha mambo. Kwa futiboli mpira ukiwa hewani mara nyingi haujakuwa kitu bado, unangojewa ushuke ndio mchezo uendelee. Kwa kriketi ni kinyume, ukiwa hewani ndio kila kitu kinaamuliwa. Ukivuka kamba ya mpaka wa uwanja bila kugusa chini ni sita, alama kubwa kuliko zote za pigo la kuvuka kamba. Ukidakwa kabla haujagusa chini mpigaji ametoka, kazi yake kwa hiyo ingi, yaani hiyo zamu ya timu yake kupiga, imekwisha. Mpira ni ule ule, umepanda urefu ule ule, na katikati ya hayo mawili ni sekunde nne au tano za uwanja mzima kunyamaza kimya, hata wauza njugu wanasimama. Alafu nyi mnaandika "juu."

Niwape mfano ambao mpenzi yeyote wa kriketi anaujua. Fainali ya Kombe la Dunia la T20 ya 2007 kule Johannesburg, India na Pakistan. Ova ya mwisho, Pakistan wamebaki na wiketi moja, yaani mpigaji mmoja akitoka wameisha, anayepiga ni Misbah-ul-Haq na anayerusha ni Joginder Sharma. Misbah akaupiga mmoja ukapaa moja kwa moja juu ya kichwa cha mrushaji ukavuka kamba, sita, sasa Pakistan wanataka sita tu na mipira minne imebaki. Mpira uliofuata akainama akataka kuuchota upite nyuma ya bega lake, ukainuka kama kitu kimechoka, ukaning'inia, ukashuka kwa mikono ya Sreesanth. India wakachukua kombe kwa mikimbio mitano. Mipira miwili imefuatana, yote ilipigwa juu. Mkiiandika "alipiga mpira juu akapata sita, kisha akapiga mpira juu akadakwa," msomaji atafikiria ni pigo moja na bahati mbili. Si hivyo hata kidogo. La kwanza alilitaka na gongo likamtii, la pili liliponyoka.

Na hapa ndio Kiswahili kinanishangaza, manake hii tofauti kiko nayo tayari ndani ya kitenzi, hamhitaji kwenda kukopa popote. Aliunyanyua, ulinyanyuka. Aliupaisha, ulipaa. Aliuinua, uliinuka. Ukisema "aliunyanyua juu ya wadakaji wa ndani" kila mtu anajua jamaa alikusudia, alipima, alijua nafasi iko wapi. Ukisema "alivuta kwa nguvu lakini mpira ukanyanyuka" kila mtu anajua amekosea na sasa anaomba Mungu. Herufi mbili tatu tu, hadithi imegeuka. Waingereza wenyewe wanatumia maneno mawili tofauti kabisa kwa hayo, ule wa kukusudia wanauita lofti, na ule uliopanda wima mbinguni bila mpango wanauita skaya, yaani kitu cha angani, na kwa maandishi yao linaweza kufanana herufi kwa herufi na neno la mtu anayeteleza kwa theluji, kwa hivyo hata wao hawana lugha iliyonyooka sana ya kutufunga sisi mdomo.

Alafu si watangazaji wetu wa futiboli walishafanya hii kazi? Tangu enzi za kina Leonard Mambo Mbotela kwa redio watu wamelelewa na utangazaji wa Kiswahili, mtu hana tiketi wala televisheni na bado anaona mechi. Tuko na kombora, tuko na fataki, tuko na mkwaju. Mtu akiupiga tu ovyo ili uondoke golini amebutua. Akiuchota ukapita juu ya kichwa cha adui amemvisha kanzu. Akiwa na goli tupu mbele yake akaupeleka mawinguni, amepaisha. Hakuna mtu alikaa kwa kamati kuamua hayo, yalitoka midomoni na yakakaa. Kwa nini kriketi ikifika kwa meza yenu ya michezo hayo maneno yote yanaachwa nje ya mlango?

Mimi nikiandika ningesema hivi: mpigaji akiuchota juu ya vichwa vya wale wadakaji wa karibu ukaanguka mahali hakuna mtu, amewavisha kanzu. Msomaji yeyote wa Kondele au Nakuru ataelewa bila maelezo. Kupaisha nako kwa kriketi kunaweza kutumika lakini kwa uangalifu, manake kwa futiboli kupaisha ni aibu na kwa kriketi kunaweza kuwa sifa, kwa hivyo lazima mmalizie sentensi, amepaisha ukavuka kamba, au amepaisha ukarudi.

Mzee naye ana maneno yake, ya wale vijana waliokuwa wanafanya naye kazi uwanjani na waokota mipira. Nilimwomba aniambie yote nikayaandika nyuma ya daftari la kijana.

Ule unaopanda wima, umegonga ukingo wa gongo ukaenda juu kuliko unavyoenda mbele, waliuita mnara. "Amejenga mnara." Ule mrahisi, umeinuka kidogo tu ukamjia mdakaji kifuani hata bila kumsumbua, ule Waingereza wanauita doli, wao waliuita embe bivu, manake unasimama chini ya mti tu linakuja lenyewe. Na mtu akiangusha embe bivu, alisema mzee, jioni hiyo hanywi chai na wenzake. Ule wa tatu ndio waliuogopa, waliuita mwewe. Huo hupanda kama mnara lakini umekatwa na ukingo wa gongo kwa hivyo unazunguka kwa kasi kwenyewe, na ukizunguka hivyo hewa inaubeba, unaanza kupinda, wewe umesimama unaona uko juu yako kabisa na kumbe unarudi kuelekea wiketi, vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji, kama mwewe anavyozunguka juu ya vifaranga hujui atashukia wapi. Mzee anasema makosa ya kila mtu mgeni ni kukimbilia mwewe mapema. Angoja, asogee hatua ndogo ndogo, auache mpira umwambie unaenda wapi.

Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kimepinda kwa ndani kwa kiungo cha juu. Ni mwewe. Mpira wa kriketi ni wa ngozi, gramu kama 156 hadi 163, ukiushika mkononi unaona ni mdogo lakini ukishuka kutoka juu huko ni kama jiwe. Alinishikisha hicho kidole akanionyesha vile alikuwa ameweka mikono, vidole vidogo vimegusana, viganja vimetazama juu, karibu na kifua, na mpira ukapinda dakika ya mwisho ukagonga ncha ya kidole. Baada ya hapo akajifunza ile namna ingine, dole gumba kwa dole gumba, viganja vimeangalia mbele juu ya uso, unauona mpira katikati ya mikono yako mpaka ukuingie. Anasema ile ya kwanza ni ya kizamani, ya Waingereza, na hii ya pili ni ya Waaustralia. Na lazima upige kelele, "Yangu!", manake watu wawili wakiutazama mpira mmoja hakuna anayemwona mwenzake, na hapo ndio meno hutoka.

Basi jioni ile ile akamwita kijana. Akamwambia chukua ndimu jikoni. Kijana akairusha juu ya bati la jirani, ikashuka, akaikosa, ikabingirika mpaka kwa mtaro. Mzee akauliza, "Ilienda vipi?" Kijana akasema ilienda juu. Mzee akatikisa kichwa. Rusha tena. Mara ya tatu upepo wa ziwa ulikuwa umeingia, nyi mnajua ule upepo wa alasiri wa huku kwetu unatoka majini, ndimu ikapanda ikasukumwa upande wa kamba ya nguo, kijana akapiga hatua moja, akangoja, akapiga ya pili, akainua viganja usoni akaidaka, na kabla mzee aulize akapiga kelele mwenyewe, "Mwewe! Ilikuwa mwewe!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. Haioni ndimu, hamwoni kijana vizuri, lakini neno moja lilimwonyesha yote, ilipanda vipi, ilipinda vipi, na mtoto alifanya nini chini yake.

Sasa nifikirie nyi mngeiandika vipi ile ya Kapil Dev, nahodha wa India. Uwanja wa Lord's kule London, 25 Juni 1983, fainali ya Kombe la Dunia, West Indies wanakimbiza 183 za India tu na Viv Richards ana 33 na anapiga kama mtu amechelewa gari. Madan Lal akamrushia, Richards akavuta, mpira haukukaa vizuri kwa gongo, ukapaa upande ule Waingereza wanauita midi-wiketi, ambapo hakukuwa na mtu. Kapil akageuka akawapa wote mgongo akakimbia nyuma akiuangalia juu ya bega lake, na akaudaka akiwa bado anakimbia. West Indies waliisha kwa 140. Watu wanasema kriketi ya India ilizaliwa upya hapo. Mkisema "Richards alipiga mpira juu akashikwa" mmeandika ukweli, na hamjaandika kitu.

Na kwetu pia kuna za kuandikwa, si ati ni mchezo wa wengine. Nani amesahau 29 Februari 1996 Pune, Kenya 166, West Indies yenye Brian Lara, mpigaji wao hatari, ndani 93 wote nje? Mwaka huo huo mwezi wa kumi, pale Nairobi Gymkhana, Shahid Afridi wa Pakistan akampiga kila mrushaji wa Sri Lanka akafika mia kwa mipira 37, za sita zikiwa kumi na moja, nchini mwetu. 2003 tulikuwa nusu fainali ya Kombe la Dunia, na Sri Lanka tulikuwa tumewapiga hapo hapo Gymkhana, Collins Obuya wetu akichukua wiketi tano, yaani akitoa wapigaji watano, kwa mikimbio 24 tu. Najua tumeshuka, hadhi ya mechi za siku moja za kimataifa ilituponyoka 2014 na vijana wengi siku hizi hawajui hata wiketi ni nini. Lakini mchezo ukipoteza mashabiki si ndio wakati wa kuusimulia vizuri zaidi?

Kitu kingine, mnakosa pia habari ya mahali. Mzee alicheza Nakuru mara kadhaa na anasema huko mpira haurudi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu kama 1,130, hewa ya huko ni nyepesi, pigo ambalo Kisumu ni embe bivu kwa mdakaji wa mwisho karibu na kamba, kule Nakuru linaweza kuvuka kamba. Sisi nasi tuko na upepo wa ziwa. Mwandishi akituambia mpira ulipaishwa dhidi ya upepo ukafia mikononi mwa mtu hatua mbili kabla ya kamba, hapo nimeona kitu, nimeona hata mpigaji akiinamisha kichwa.

Sheria nayo inahusika. Zamani mpira ukiwa huko juu wapigaji wawili walikuwa wanakimbia wapishane, kwa sababu wakipishana kabla haujadakwa, yule mpya anaingia upande wa mbali, wa mrushaji, na mwenzake mzoefu ndio anapokea mpira unaofuata. Mnara mrefu ulikuwa unawapa nafasi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 hiyo imeondolewa, mpya anakuja upande ule ule wa aliyetoka, wamepishana wasipishane, isipokuwa ova ikiwa imeisha. Mzee hakuijua hiyo mpaka nilipomtafutia, miezi na miezi alikuwa anashangaa kwa nini ripoti zenu hazisemi kama walipishana. Gazeti lake halikuwa limemwambia.

Kuna rafiki yangu mwalimu nilipomwonyesha hii barua akasema haya maneno ya mzee ni ya mtaani, hayako kwa kamusi, na gazeti lazima liandike Kiswahili sanifu. Mimi naheshimu sanifu, lakini mnara ni sanifu, mwewe ni sanifu, embe ni sanifu, kanzu ndio usiseme, kilichofanyika ni kupelekwa uwanjani tu. Na kama kuna mtu wa Mombasa au Dar ana neno bora la huo mpira unaozunguka, basi alilete, tutalitumia hilo. Mwingine akaniambia wapenzi wa kriketi wote wanajua Kiingereza kwa hivyo mnaandika kwa faida ya nani. Huyo sikumjibu vizuri siku hiyo kwa sababu nilikasirika, ninamjibu hapa: kwa faida ya waliokata nyasi. Kwa faida ya waokota mipira, wapishi wa hizo klabu, askari wa geti, watu waliotazama mechi miaka yote kutoka nje ya kamba na wanajua mpira unaofaa kudakwa na usiofaa kuliko wengi waliokuwa ndani.

Ninachoomba si kikubwa. Mwandishi wenu akiona mpira umepanda, kabla hajaandika "juu" ajiulize vitu vitatu hivi, jamaa alitaka au ulimponyoka, ulipanda wima au ulienda mbali, na aliye chini yake alikuwa na kazi rahisi au ngumu. Na tafadhali andikeni akadakwa, si akashikwa.

2027 Kombe la Dunia linarudi Afrika, Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Mzee akijaliwa atakuwa hapo hapo nje kwa mlango na mimi nitakuwa na gazeti lenu. Nimenakili maneno yake yote kwa karatasi safi, yako kumi na manne, mengine ya mpira wa chini na wa kugongesha miguu ambayo sijayagusa hapa, na nimeambatanisha na hii barua. Yule wa dawati la michezo akitaka kumpigia mzee amuulize zaidi, aje baada ya saa kumi na moja jioni, kabla ya hapo huwa amelala.

Msomaji wenu,
Manyatta, Kisumu